Fedha Kwanza, Ufunguo Baadaye: Kuuza Pikipiki Mkononi Lushoto

Kwa kaya nyingi za Lushoto, ukiacha shamba na nyumba, pikipiki ndiyo mali ya bei kubwa kuliko zote. Ndiyo inayoteremsha matenga ya nyanya na magunia ya karoti kutoka mashambani hadi gulioni, ndiyo inayompeleka mgonjwa hospitali usiku, na kwa vijana wengi ndiyo kazi yenyewe. Siku ya kuiuza ikifika, mara nyingi haipelekwi dukani wala mnadani. Huuzwa mkononi: mwenye nayo na mtu anayeitaka, labda na dalali katikati, wakikutana kijiweni au mbele ya duka la vipuri. Hakuna kampuni inayodhamini mauzo hayo wala risiti ya mashine, na fedha inayolipwa kwa dakika chache huwa ni akiba ya mwaka mzima au zaidi.

Usalama wa muuzaji katika biashara ya namna hii unategemea mpangilio wa mambo matatu, yaani fedha, chombo na kadi. Fedha iingie kwanza, tena iingie kwa namna ambayo hakuna anayeweza kuirudisha. Ufunguo utoke baada ya hapo. Kisha jina libadilishwe kwenye kadi, na kazi hiyo isiachwe kwa mnunuzi peke yake. Utapeli wote unaojulikana katika mauzo ya pikipiki ni njia ya kuuvuruga mpangilio huo: chombo kiondoke kabla ya fedha kuingia, au fedha ionekane imeingia ilhali haijaingia, au kadi ibaki na jina la mtu ambaye pikipiki si yake tena.

Sheria yenyewe iko upande wa muuzaji anayesubiri. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214 ya sheria za Tanzania, inampa muuzaji ambaye hajalipwa haki ya kuendelea kukishikilia chombo mpaka alipwe bei yote, isipokuwa kama wamekubaliana kuuziana kwa mkopo. Haki hiyo hupotea mara tu anapokiachia kwa hiari yake. Ndiyo maana dakika ya kutoa ufunguo ni nzito kuliko dakika ya kupatana bei. Kikwazo kikubwa hapa ni kuona haya. Kumwambia jirani au mtoto wa rafiki "lete hela kwanza" huonekana kama kumvunjia heshima, hasa vijijini ambako watu wanajuana hadi kwa babu zao. Njia nzuri ya kuepuka hilo ni kulisema mapema, siku ya kupatana bei, mbele ya shahidi, kuwa ufunguo utatolewa fedha ikishahakikiwa. Likishasemwa mapema linakuwa utaratibu, wala hakuna wa kuliona ni shaka juu ya mtu.

Jiografia ya milima hii ya Usambara inaongeza uzito wa jambo lenyewe. Kutoka Lushoto mjini hadi Mombo ni kilomita zipatazo 33 za lami inayopita Soni na kushuka kwa kona nyingi. Mombo iko kwenye barabara kuu inayotoka Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha. Mtu aliyepewa pikipiki "aijaribu kidogo" anaweza kuwa barabara kuu katika muda usiozidi saa moja, na akishafika huko anaweza kuelekea Korogwe au Same bila mtu kumjua. Majaribio yana umuhimu wake, maana hakuna mnunuzi makini atakayenunua bila kujua kama injini inapanda mlima au breki zinashika kwenye mteremko. Lakini yafanywe mnunuzi akiwa amebebwa na muuzaji, au aendeshe yeye huku mtu wa muuzaji akiwa amekaa nyuma. Kitambulisho kilichoachwa mezani peke yake hakitoshi, kwa kuwa kinaweza kuwa cha mtu mwingine. Ufunguo wa akiba na kadi halisi vibaki nyumbani.

Kabla fedha haijazungumzwa, muuzaji anapaswa kuwa na karatasi zilizonyooka, kwa sababu karatasi zenye kasoro humpa mnunuzi sababu ya kulipa nusu na kuahidi nusu. Ya kwanza ni kadi ya usajili iliyotolewa na Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, yenye namba inayoanza na MC pamoja na namba za injini na za chesisi. Namba hizo zilinganishwe na zilizogongwa kwenye chuma, kwa macho, mnunuzi akiwepo. Kama jina lililo kwenye kadi si la muuzaji, na hali hiyo ni ya kawaida kwa pikipiki iliyokwisha kuuzwa mara mbili au tatu bila kubadilisha umiliki, basi itafutwe mikataba ya mauzo yaliyotangulia au mwenye jina lake aje kusaini. Kama mwenye jina amefariki, anayeweza kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Mtoto mkubwa hana mamlaka hayo hata kama ndiye aliyekuwa akiiendesha. Kama kuna deni la taasisi ya mikopo inayoshikilia kadi, deni limalizwe kwanza. Na faini za usalama barabarani, ambazo hurekodiwa kwa namba ya chombo, zikaguliwe katika mfumo wa polisi na zilipwe au zikatwe kwenye bei kwa maandishi.

Kianzio ndicho chanzo cha ugomvi mwingi. Mnunuzi anatoa shilingi laki mbili "nisije nikaikosa", kisha anapotea wiki tatu. Akirudi, anakuta pikipiki imeuzwa na anadai fedha yake mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Kinachotakiwa ni mistari michache ya maandishi: kiasi kilichotolewa, siku ya mwisho ya kumalizia, na nini kitatokea siku hiyo ikipita, kwamba fedha itarudishwa yote, itakatwa kiasi gani, au itabaki kwa muuzaji. Vyovyote watakavyokubaliana ni sawa, mradi yaandikwe. Na kwa kianzio, hata kikubwa namna gani, pikipiki isiondoke.

Baada ya hapo linakuja swali la namna ya kulipa. Njia zinazotumika Lushoto ni tatu: noti mkononi, simu na benki. Kila moja ina udhaifu wake, lakini kwa kiasi cha shilingi milioni moja na kuendelea, iliyo bora ni benki, tena muuzaji na mnunuzi wakiwa wamesimama pamoja mbele ya dirisha moja. Lushoto mjini kuna benki. Mnunuzi anakuja na noti zake, anamkabidhi karani wa benki, na noti zinahesabiwa kwa mashine yenye uwezo wa kubaini zilizo bandia. Fedha inaingia katika akaunti ya muuzaji, na hati ya kuweka fedha inatoka ikiwa na jina la aliyeweka, tarehe na kiasi. Kwa tendo moja muuzaji anakuwa ameepuka noti bandia, ameepuka kubeba fedha njiani, na amepata ushahidi ambao hauna ubishi. Anayetoka Mtae au Mlalo ataona nauli na siku iliyopotea kuwa gharama, lakini ni gharama ndogo ukilinganisha na pikipiki nzima.

Tatizo la benki ni saa zake. Mauzo mengi hufanyika Jumapili au jioni, watu wakiwa wametoka shambani. Hapo mnunuzi hutoa hoja kwamba gari linaondoka, kwamba kuna mwingine anamuuzia kwa bei ndogo zaidi, kwamba kesho hatapatikana. Haraka ya namna hiyo ndiyo dalili ya kwanza ya kuangaliwa. Mnunuzi wa kweli anaweza kusubiri Jumatatu asubuhi, na asiyeweza kusubiri usiku mmoja aachwe aende.

Pale inapolazimu kupokea noti mkononi, ni vema kujua kinachoshikwa. Pikipiki ya shilingi 1,600,000 ni noti 160 za elfu kumi. Noti kubwa kuliko zote Tanzania ni hiyo ya elfu kumi yenye picha ya tembo, na ya elfu tano ina faru. Noti halali ikiinuliwa kwenye mwanga huonyesha kivuli cha sura ya Mwalimu Nyerere ndani ya karatasi, uzi maalumu umepita ndani yake, na maandishi yake mengine hupapasika kwa kidole. Noti bandia mara nyingi huwa laini na tambarare kama karatasi ya kawaida. Zihesabiwe mchana, ndani ya chumba, mezani, moja moja, na mtu wa pili azirudie. Wajanja wana mbinu ya kuomba bunda lirudishwe "nihakikishe mara ya mwisho", kisha vidole vinachomoa noti kadhaa na bunda linarudi likiwa pungufu. Noti zilizokwisha hesabiwa na muuzaji zisirudi tena mkononi mwa mnunuzi. Kama ni lazima zirudi, hesabu ianze upya.

Kuna jambo jingine la miaka ya karibuni ambalo watu wa vijijini wanahitaji kulijua. Benki Kuu ya Tanzania iliziondoa kwenye mzunguko noti za matoleo ya mwaka 1985 hadi 2003, pamoja na noti ya shilingi 500 ya toleo la mwaka 2010, na ikatoa muda wa kuzibadilisha kati ya tarehe 6 Januari na tarehe 5 Aprili 2025. Muda huo ulipopita, noti hizo zilikoma kuwa fedha halali kwa malipo. Februari mwaka huohuo zilianza kutumika noti mpya zenye saini za Waziri wa Fedha wa wakati huo, Mwigulu Nchemba, na Gavana Emmanuel Tutuba, zikienda sambamba na zile zilizokuwepo. Kwa hiyo bunda lililofichwa ndani ya mtungi tangu zamani, hata kama ni la mtu mwaminifu kabisa, linaweza kuwa na noti zisizopokelewa tena. Saini mpya zisimtie mtu shaka, bali noti za zamani sana ndizo za kukataa. Dola nazo zisipokelewe: kanuni zilizoanza kutumika Machi 2025 zinakataza kutangaza bei au kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya nchi, na katika mji unaopokea watalii kama Lushoto jambo hilo linaweza kujitokeza.

Simu ndiyo inayotumika zaidi, na ndiyo yenye mitego mingi, kwa hiyo inastahili kuelezwa kwa urefu. M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya kuanza Kenya, na leo hakuna kata katika Usambara isiyojua kutuma na kupokea. Mazoea hayo ndiyo yanayomponza muuzaji, maana sikio likisikia mlio wa ujumbe na jicho likiona tarakimu, moyo unaamini fedha imeingia. Ujumbe wa kughushi huwa kama huu: "Imethibitishwa. Umepokea Tsh1,600,000 kutoka kwa..." kisha jina, tarehe na salio jipya, kila kitu mahali pake. Tofauti iko juu ya ujumbe, sehemu ya mtumaji. Ujumbe wa kampuni hukaa pamoja na ujumbe mwingine wa huduma hiyo, chini ya jina lake, ilhali ule wa tapeli huwa umetoka kwenye namba ya kawaida ya simu au umeanza ukurasa mpya. Wakati mwingine salio linaloonyeshwa halilingani na salio la zamani likijumlishwa na kiasi kilichotumwa, na hapo hesabu ya haraka humuumbua.

Hata hivyo kuukagua ujumbe ni nusu ya kazi tu. Kinga iliyo kamili ni kuacha kuusoma na kuangalia salio lenyewe kwa kupiga namba ya huduma: *150*00# kwa M-Pesa, *150*01# kwa Mixx by Yas iliyokuwa Tigo Pesa, *150*60# kwa Airtel Money, *150*88# kwa HaloPesa. Salio likionyesha kuwa fedha ipo, ipo. Katika mabonde ambako mtandao unakatika, watu hukubaliana kwa maneno kwamba "mtandao ukirudi utaiona". Makubaliano hayo yasiwepo. Mtandao ukiwa haupo, biashara ihamie mahali penye mtandao, hata kama ni kupanda kilima na pikipiki yenyewe.

Mitego mingine ni ya baada ya fedha kuingia kweli. Mmoja ni wa kurudisha muamala: mnunuzi analipa, anachukua pikipiki, kisha anapiga simu kwa kampuni akidai alikosea namba, na fedha iliyo bado kwenye simu ya muuzaji inaweza kuzuiwa wakati malalamiko yakichunguzwa. Dawa yake ni mkataba uliosainiwa unaotaja namba ya muamala, na kuihamisha fedha kwenda benki siku hiyohiyo. Mwingine ni wa "nimezidisha". Simu inapigwa na mtu mwenye sauti ya wasiwasi akieleza kwamba ametuma laki tatu zaidi kwa bahati mbaya, arudishiwe upesi. Hapo pia salio ndilo linalojibu, na kama kweli kuna ziada, irudishwe kupitia huduma kwa wateja ya kampuni, isitumwe kwenye namba nyingine inayotajwa papo hapo. Mtego wa tatu ni mgumu kuuona. Tapeli anachukua picha za pikipiki aliyoiona inauzwa, anaitangaza mtandaoni kama yake kwa bei ya chini, na mtu wa mbali anapovutiwa, anampa namba ya simu ya muuzaji wa kweli ili alipe huko. Muuzaji anaona fedha imeingia, anamkabidhi pikipiki tapeli aliyesimama mbele yake akijitambulisha kuwa ndiye mnunuzi. Baada ya siku mbili aliyelipa anafika polisi. Kwa sababu hiyo jina lililo kwenye muamala lazima lifanane na jina lililo kwenye kitambulisho cha anayechukua chombo. Kama mlipaji ni ndugu aliye Dar es Salaam au Tanga, apigiwe simu na muuzaji mwenyewe, aulizwe analipia nini, na jina lake liandikwe kwenye mkataba.

Gharama nayo ina nafasi yake. Kutoa fedha kwa wakala kuna makato, na kwa kiasi kikubwa makato hayo yanauma. Ndiyo asili ya masharti ya "utume na ya kutolea". Nani atayabeba lisemwe wakati wa kupatana bei. Wakala wa kijijini mara nyingi hana fedha taslimu ya kutosha kumpa mtu milioni moja na nusu kwa mkupuo, na muuzaji anayeanza kuzunguka kwa mawakala wanne akitafuta fedha hiyo anakuwa ametangaza kwa kijiji kizima kwamba leo usiku ana hela ndani. Kuihamishia benki kwa simu ni salama zaidi na ni kimya zaidi.

Kuhusu benki kwa benki, neno moja linatosha: picha ya skrini haina thamani ya malipo. Mifumo ya Benki Kuu ya kuhamisha fedha, ukiwemo TIPS unaounganisha benki na kampuni za simu, imefanya fedha nyingi kufika papo hapo, kwa hiyo kisingizio cha "itafika kesho" hakina nguvu kama zamani. Fedha isipoonekana katika akaunti, haijalipwa. Hundi ya mtu binafsi nayo isipokelewe kwa mauzo ya namna hii, kwa sababu inaweza kurudi bila malipo wakati chombo kimekwisha ondoka.

Mkataba wa mauziano hauhitaji lugha ngumu. Ukurasa mmoja unatosha, ukiwa na majina kamili ya pande mbili, namba za vitambulisho vya taifa na za simu, aina ya pikipiki, namba ya usajili, ya injini na ya chesisi, bei kwa tarakimu na kwa maneno, namna ilivyolipwa pamoja na namba ya muamala au ya hati ya benki, na saini za mashahidi wa kila upande. Kitu kinachosahaulika mara nyingi, na ambacho kina faida kubwa, ni saa. Sentensi kama "Muuzaji amekabidhi pikipiki na ufunguo leo saa nane na robo mchana, na kuanzia saa hiyo mnunuzi anawajibika kwa matumizi yote ya chombo" inaweza kumwokoa mtu ambaye pikipiki yake ya zamani imegonga mtu saa kumi jioni. Wengi hupeleka karatasi hiyo kwa mtendaji wa kijiji au wa kata ipigwe mhuri, na wengine kwa wakili. Mhuri wa mtendaji unathibitisha kwamba wahusika walifika na kukubaliana, lakini hauthibitishi kwamba noti ni halali wala kwamba ujumbe wa simu ni wa kweli. Fedha ihakikiwe kwanza, mhuri ufuate.

Hatua ya kadi ndiyo inayopuuzwa kuliko zote, kwa kuwa inakuja muuzaji akiwa ameshaishika fedha yake na haoni tena sababu ya kuhangaika. Ubadilishaji wa umiliki unasimamiwa na TRA chini ya Sheria ya Kodi ya Usajili na Uhamisho wa Magari ya mwaka 1972. Unahitaji kadi halisi, mkataba, vitambulisho, namba za mlipakodi za pande zote mbili na malipo ya ada pamoja na ushuru wa stempu. Malipo hayo hufanywa kwa kontroo namba, kwa simu au benki, na hayapitii mkononi mwa mtu aliyejitolea kusaidia. Nani anayabeba lipatanwe mapema, ingawa kwa kawaida huwa ni mnunuzi. Njia iliyo salama ni wote wawili kulishughulikia siku ya mauzo au kesho yake. Jina likiachwa kwenye kadi, polisi wakitafuta pikipiki iliyotumika katika wizi Korogwe watabisha hodi kwa mtu wa Lushoto aliyeiuza zamani.

Utaratibu huohuo unafuatwa na watu wa upande wa pili wa mkoa wa Tanga, wanaouza boti na mashua Pangani na Tanga mjini. Huko chombo ni cha baharini na usajili wake uko chini ya TASAC, shirika lililoanza kazi mwaka 2018, na kwa Zanzibar uko chini ya Mamlaka ya Usafiri Baharini. Boti inaweza kuondoka usiku kwa maji bila kupita kizuizi chochote, kwa hiyo wauzaji makini huifunga gatini na kuweka mashine yake nchi kavu mpaka fedha ihakikiwe.

Kuna mauzo ya aina nyingine ambayo kanuni ya fedha kwanza haiwezi kuyatawala, nayo ni pikipiki ya mkataba. Mwenye pikipiki anamkabidhi kijana, kijana anapeleka hesabu kila siku au kila wiki, na muda ukikamilika pikipiki inakuwa yake. Tuseme ni shilingi 50,000 kwa wiki kwa wiki 60. Hiyo ni milioni tatu, inayolipwa kidogo kidogo na mtu asiye na mshahara. Hapa chombo kimetangulia, na usalama wa muuzaji unabaki katika kadi na katika kumbukumbu. Kadi isitoke mpaka hesabu ya mwisho. Mkataba useme wazi kwamba umiliki hauhami kabla ya hapo. Malipo yapite kwenye simu badala ya mkononi, hata kama ni elfu kumi, ili kila moja liache alama, na pawepo na madaftari mawili, moja kwa kila upande, yanayosainiwa kwa pamoja kila mwisho wa mwezi.

Mikataba hii huvunjika zaidi kwa sababu ya mambo ambayo hayakuandikwa: nani analipa bima ikiisha, nani anatengeneza injini ikifa, hesabu inaendaje pikipiki ikishikwa na polisi, na kijana akiumia. Katika Usambara inafaa kuongeza jambo la msimu. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, barabara za udongo huwa matope na abiria hupungua. Wakati wa mavuno ya mboga na matunda kazi huwa nyingi mpaka usiku. Mkataba unaodai kiasi kilekile Aprili na Agosti unamlazimisha kijana kukopa, na kijana aliyekopa ndiye anayetoroka na chombo. Kupanga hesabu ndogo kwa miezi ya mvua na kubwa kwa miezi ya mavuno ni kumtendea haki mwendeshaji na ni kumlinda mwenye mali.

Mambo yakiharibika, muda ndio wenye thamani. Kama fedha imetumwa au imeombwa kwa hila, kampuni ya simu ipigiwe mara moja ili ijaribu kuizuia kabla haijatolewa. Namba iliyotumika kutapeli iripotiwe kwa kutuma ujumbe kwenda 15040, namba iliyowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, kwa kazi hiyo. Kila laini sasa imesajiliwa kwa alama za vidole, na mwenye shaka kwamba kuna laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho chake bila yeye kujua anaweza kukagua kwa *106#. Polisi watoe namba ya taarifa, ile inayoitwa RB, na wapewe namba za chesisi na injini, kwa sababu sahani ya namba hung'olewa dakika ya kwanza. Noti bandia ipelekwe polisi au benki, na anayejaribu kuipitisha kwa mwingine ili asipate hasara anakuwa ametenda kosa la jinai yeye mwenyewe. Na kama mgogoro ni wa deni, mnunuzi yupo lakini hataki kumalizia, shauri hupelekwa Mahakama ya Mwanzo. Huko kesi husikilizwa kwa Kiswahili na mtu anaweza kujieleza mwenyewe, na kitu cha kwanza atakachoulizwa ni karatasi ya mauziano.